Mstari Uliobeba Jina la Nafula

Njeri,

Kesho sitakuwa kwenye gari. Najua tangu mwezi uliopita tumekuwa tukisema kwamba nitawapeleka Eldoret mimi mwenyewe, wewe na mama yako na sanduku lako, na kwamba njiani tutasimama kula nyama. Mama atakupeleka bila mimi. Jana uliniuliza, "Daddy, kwani wewe na mum mmekosana?" nikakujibu ni uchovu tu. Haukuwa uchovu. Sasa nimeketi kwenye meza ya kulia chakula, ninyi mmeenda mjini kutafuta blanketi na viatu, na nina kama saa tatu za kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa miaka tisa.

Habari za sweta, dawa ya kikohozi na kutotembea na simu mkononi sitazigusa. Mama yako amezirudia mpaka hata mimi nimezikariri. Ninachotaka kukueleza kinamhusu Anti Nafula, ambaye unaenda kukaa kwake, na kwa nini amekubali wewe uende na akanikataza mimi.

Wewe unamjua kama rafiki wa mama. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi mwenzangu. Meza zetu zilitazamana katika ofisi ya ghorofa ya tatu nyuma ya barabara ya Luthuli, Nairobi, na chini yetu maduka ya redio yalishindana kupiga kelele kutwa nzima. Ulikuwa darasa la tatu alipoondoka pale. Jumapili alikuwa akija hapa Mountain View baada ya kanisa, na ndiye aliyekuonyesha jinsi ya kuunganisha betri, waya na taa ya tochi kwenye kipande cha mbao. Ile mbao bado iko juu ya kabati lenu. Watu wakisema umefuata nyayo za baba huwa nanyamaza, maana najua ulianza kupenda kazi ya waya kwa sababu yake.

Barua ya chuo ilipofika, mama yako alimpigia Nafula kabla hata ya kumpigia shosho, mama yangu. Nafula akasema chumba kipo, kodi ya nini, uje tu. Ulicheza jikoni na mwiko mkononi. Mimi nilitoka nje kwenda kuangalia tangi la maji, na tangi halikuwa na shida yoyote.

Acha nianze na kazi yenyewe, kwa sababu bila hiyo hutaelewa nilichofanya. Kampuni yetu ilitengeneza kisanduku cha kulinda friji za chanjo. Kilikaa kando ya friji katika zahanati kikipima joto, na joto likipanda kilimpigia nesi simu. Ndani yake mlikuwa na programu kubwa ya kufanya kazi hiyo, na kabla yake programu ndogo sana inayoamka kwanza stima inapowaka, ikaangalia kama kila kitu kiko sawa, kisha ikaiamsha ile kubwa. Watu wa kazi hii huiita bootloader. Ulipokuwa mdogo uliniuliza huwa naandika nini huko mjini, nikakwambia naandika mwamshaji. Ukaenda kuwatangazia watoto wa ploti kwamba babako kazi yake ni kuamsha watu, na jirani mmoja akaja kuniuliza kama naweza kumwamsha saa kumi alfajiri.

Mwamshaji habadilishwi ovyo. Ukikosea pale, kisanduku hakiamki tena, na hapo lazima mtu asafiri na bisibisi. Kwa hiyo niliamini nitamwandika mara moja tu. Kila alipoamka alitoa mstari mmoja, "Mwamshaji 1.0", ambao niliuandika kwa mkono na nikaridhika nao. Halafu nikamrekebisha mara ya pili, ya tatu na ya nne, na mstari ukabaki ule ule. Mara nyingine nilisahau. Mara nyingine nilikumbuka nikaona ni mapambo tu. Na usinicheke, maana nimeona kwenye kompyuta ya nyumbani una barua ya maombi inayoitwa "ya mwisho", nyingine "ya mwisho kabisa" na nyingine "ya mwisho ya ukweli", na nina hakika hujui uliyowatumia ni ipi.

Nilipoanza kuchanganyikiwa nikachukua rangi ya kucha ya mama yako. Visanduku vyenye mwamshaji wa pili nilivitia tone jekundu ndani, vya tatu tone la waridi. Mama akauliza nani anaimaliza rangi yake, na wewe ndiye uliyegombezwa, kwa sababu ulikuwa umempaka mwanasesere wako kucha. Nilikuwa nimeketi papa hapa nikisoma gazeti, nikakuacha ulie. Ni kitu kidogo, hata mwenyewe huenda umekisahau. Nakitaja kwa kuwa nikirudi nyuma naona ndipo nilipojua kwamba mtu akinyamaza, mambo hupita.

Nafula aliajiriwa mwaka uliofuata. Wiki yake ya kwanza alifungua kisanduku kimoja, akaona tone jekundu, akaniuliza ni nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Aliuliza nitafanya nini kisanduku kikikataa kuamka kule Turkana, nitaenda na bisibisi kuangalia rangi ya kucha? Unajua nyumbani kwetu Limuru mambo yalivyo: mimi na ndugu zangu watatu kila mmoja alimpa binti wake wa kwanza jina la shosho, na Krismasi mtu akiita Njeri wanageuka wanne. Nafula alikuwa amenisikia nikiyasimulia hayo ofisini.

"Baba Njeri," akaniambia, "kwenu mko na Njeri wanne na hakuna mtu huchanganya, juu kila mtu anasema ni Njeri wa wapi. Hizi box zote zinaitwa one point zero. Hazina kwao."

Basi akakaa siku mbili akatengeneza kitu ambacho mimi sikuwa nimekifikiria kwa miaka minne. Kila mara mtu alipomjenga mwamshaji, yaani alipoyageuza maandishi yetu yawe kitu ambacho kisanduku kinaweza kukitumia, mstari ulijiandika wenyewe bila mkono wa mtu. Ulikuwa na nambari ya toleo, tarehe na saa, alama ya kuonyesha ni maandishi yapi hasa yaliyotumika, na jina la mwenye kompyuta iliyojenga. Mwisho kabisa kulikuwa na neno moja, safi au chafu. Aliuweka mahali pale pale pasipobadilika, mwanzoni kabisa, ili hata kisanduku kilichokufa uweze kukiunganisha na waya ukausoma, kama jina lililoshonwa kwenye kola ya sweta ya shule.

Hayo maneno mawili yashike vizuri. Safi ilimaanisha kwamba kila kilichotumika kimewekwa kwenye stoo yetu ya pamoja, na mtu mwingine yeyote anaweza kukichukua akajenga kitu kile kile. Chafu haikumaanisha kibovu. Ilimaanisha kuna kitu humo ndani ambacho aliyejenga hajakiweka wazi. Nafula aliwaambia wateja wasikubali kisanduku chenye neno chafu hata kama kinafanya kazi vizuri, na wateja walimpenda kwa hilo. Mkurugenzi alimsifu mbele ya watu wote. Mimi pia nilimpongeza, na nilimwonea wivu, Njeri. Nilikuwa mkubwa wake kazini na alikuwa amekuja na bisibisi moja tu na swali moja tu, akaninyang'anya mwamshaji wangu. Hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida. Visanduku arobaini vilikuwa vinangoja kuchukuliwa saa tisa, na asubuhi mkurugenzi alikuwa amelalamika kwamba vinachelewa kuamka, mteja ataviona kama vizee. Vilichelewa kwa sababu mwamshaji husubiri kidogo stima inaporudi, mpaka umeme utulie. Mimi nikaona muda ule ni mrefu mno, nikataka kuupunguza. Laptopu yangu ilikuwa imekataa kushika chaji tangu jana yake. Nafula alikuwa ameshuka kula kwenye kibanda cha nyuma na kompyuta yake ilikuwa wazi, nikahamia kwenye kiti chake.

Nilipunguza muda, nikajenga, nikajaribu mara tatu. Kisanduku kikaamka haraka kama mtu aliyeitiwa chai. Kisha nikatazama mstari: saa saba na dakika arobaini, jina la Nafula, chafu. Bila shaka chafu, kwa kuwa nilichobadilisha hakikuwa kwenye stoo. Kukiweka stoo kwa utaratibu wetu kulihitaji mtu wa pili akisome kwanza, na mtu wa pili alikuwa Nafula, na nilijua angeniuliza nimekijaribu na stima inayopotea na kurudi mara nyingi au nimekijaribu mezani tu. Sikutaka kuulizwa. Nikafungua ile kazi yake ya kuandika mstari, nikailazimisha iandike safi, nikajenga tena, nikakipakia kwenye visanduku vyote, nikarudisha kila kitu kwenye kompyuta yake kama nilivyokikuta. Jina la Nafula sikuligusa. Nakuapia sikuliacha kwa ubaya. Hata sikulifikiria, na sijui kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi.

Nilijiambia kesho nitaandika mabadiliko yangu na kumweleza. Alirudi akiwa na chapati yangu imefungwa kwenye gazeti, kwa sababu alikuwa ameona sijashuka. Nikaila pale pale mezani kwake.

Kesho yake kulikuwa na kazi nyingine, na kesho kutwa nyingine. Baada ya wiki mbili visanduku vilikuwa vinafanya kazi na mimi nilikuwa nimeanza kusahau. Wewe utafanya kazi na watu wazuri wenye haraka, na utakuwa mmoja wao. Ukibadilisha kitu, andika papo hapo kwamba ni wewe, kabla ya kwenda kula. Si kwa sababu kuna mtu atakuangalia. Mimi nilikuwa mkweli kabisa saa saba na dakika arobaini na moja, nilikuwa na nia njema ya kueleza kila kitu, na nia hiyo haikumaliza hata wiki.

Mvua ya masika ilipoanza, zahanati moja ya kanisa upande wa Karen ilipotelewa na stima Ijumaa jioni. Ikarudi, ikapotea, ikarudi, mara nyingi sana, kama unavyojua miti ya huko inavyoangukia nyaya. Friji ikazima, haikuwaka tena. Kisanduku chetu kikaamka kabla umeme haujatulia, kikakwama katikati, taa yake ya kijani ikiwaka. Hakikumpigia nesi simu. Jumatatu nesi alifika, akaona kijani, akawadunga watoto chanjo iliyokaa kwenye joto siku mbili. Alhamisi ndipo alipogundua, na ikabidi wale watoto waitwe warudi wote.

Nilienda na mkurugenzi siku waliporudi. Mama mmoja alikuwa na mapacha, mmoja kambeba mgongoni na mwingine kampakata, na alipojua sisi ni watu wa kisanduku akanitazama tu. "Hawa walilia wiki jana bure?" akaniuliza. Nikamwambia pole, tunachunguza. Niliposema neno hilo, tunachunguza, nilikuwa tayari najua. Nilikuwa nimejua tangu tulipopita kona ya kuingia Karen, mkurugenzi alipokuwa akinisimulia jinsi stima ilivyorudi na kupotea.

Kikao kilifanyika ofisini kwetu. Alikuwepo mkurugenzi, mtu mmoja wa upande wa mteja, Nafula na mimi. Walikuwa wamesoma mstari kutoka kwenye kile kisanduku na kuuangaza ukutani. Pia walikuwa wamechukua maandishi yaliyo stoo, yale yanayotajwa na alama ile, wakayajenga upya, na kilichotoka hakikufanana na kilichokuwa ndani ya kisanduku. Kwa hiyo mtu alikuwa amebadilisha kitu, akakificha, halafu akaandika safi. Mkurugenzi akamuuliza Nafula kama jina lile ni lake. Akasema ni lake. Akamuuliza kama kompyuta ni yake. Akasema ni yake, lakini hakujenga yeye, saa hiyo alikuwa ameenda kula. Mtu wa mteja akasema polepole kwamba ule mstari si ndio yeye mwenyewe aliowaambia wauamini.

Nafula akanigeukia. Hakuwa na shaka nami hata kidogo, Njeri. Alinigeukia kwa sababu mimi peke yangu mle ndani nilikuwa naelewa kazi ile kama yeye.

"Baba Njeri, si uwaambie hiyo line inaweza kudanganya mtu akitaka."

Nikasema, "Line haidanganyi."

Nilisema hivyo tu. Watu wakidhani wanajua uongo ni kitu gani, hufikiria maneno mengi yaliyopangwa. Wangu ulikuwa maneno mawili, na kwa namna fulani niliyatoa kama sifa kwa kazi yake. Niliona uso wake ukijaribu kunielewa. Wiki hiyo hiyo aliachishwa kazi, akaondoka na kikombe chake na kile kimea cha dirishani, na mimi nikamsaidia kubeba sanduku mpaka chini.

Kupunguza muda lilikuwa kosa la kazi, na makosa ya kazi nimeyafanya mengi na nitayafanya mengine. Ningesema siku ile, ningefokewa, pengine ningefukuzwa, na jioni ningekuja nyumbani nikala ugali. Kinachonikosesha raha ni neno safi, na yale maneno mawili kwenye kikao. Yeye alitengeneza kitu cha kusema ukweli hata wakati sisi tumesahau, na mimi nikakitumia kumshitaki. Hakupata tena kazi ya aina ile Nairobi. Kila alipoenda waliwapigia simu watu wetu, na watu wetu walisema walichoamini.

Yeye hakutuacha. Aliendelea kuja Jumapili mpaka alipohamia Eldoret kufundisha kwenye chuo cha ufundi. Aliniambia siku moja jikoni, mama yako akiwa anakusuka nywele sebuleni, kwamba amefikiria sana na anaona huenda kuna kosa katika kazi yake mwenyewe, huenda mstari uliandika safi mahali pa chafu kwa hitilafu ambayo hakuiona. Alikuwa ameitafuta hitilafu hiyo miezi mitatu. Nilimwambia aache kujisumbua. Nikamwongezea chai.

Uliwahi kuniuliza kwa nini niliacha kazi ya mjini nikaja kufungua kibanda cha kutengeneza simu na redio Kangemi, na mama yako pia ameuliza, tena si mara moja. Nilisema nimechoka na foleni ya magari ya Waiyaki Way. Ukweli ni kwamba walinipa meza yake. Nilivumilia miaka miwili nikiukuta mstari wake kila ninapojenga, sasa ukiwa na jina langu, safi, safi, safi, na sikuweza tena.

Sasa wewe unaenda kukaa chini ya paa lake, kula chakula chake, kujifunza kwake. Nilipokuona na ule mwiko mkononi nilielewa kwamba nikinyamaza tena, nitakuwa nimekutuma wewe ukanishikie uongo wangu nyumbani kwa mtu niliyemdhulumu, na wewe hujui umebeba nini. Alhamisi nilifunga kibanda mapema nikampigia.

Nilimweleza yote mfululizo. Nilisikia kifuniko cha sufuria kikitikisika kwake, kisha nikasikia akikiondoa. Swali lake la kwanza lilikuwa la kazi.

"Ulijenga saa ngapi?"

Nikamwambia ni saa ile ile iliyoandikwa, wakati wa chakula, alipokuwa ameshuka kununua chapati.

"Na ukakula," akasema.

Nikasema nilikula. Akauliza kama kazi yake ilikuwa na hitilafu yoyote, ile ya kuandika mstari. Nikamwambia haikuwa nayo hata moja, ilikuwa imeandika chafu kama ilivyopaswa, mimi ndiye niliyelifuta neno hilo. Hapo nikamsikia analia, na sikujua la kufanya na simu. Aliporudi sauti yake ilikuwa imetulia.

"Kamau," akasema. Miaka yote ameniita Baba Njeri. "Mtoto aje. Wewe usikanyage hapa. Na ajue kabla hajapanda gari. Siwezi kaa na mtoto kwa nyumba yangu na ni yeye peke yake hajui."

Jioni hiyo nilimwambia mama yako. Ndiyo sababu ya ukimya ulioukuta. Aliniuliza swali moja tu, kama siku zile Nafula alipokuwa akija hapa Jumapili nilikuwa naweza kula, na nilipojibu alienda kulala chumbani kwako. Wewe ulidhani ni kwa sababu unaondoka.

Sikwambii haya ili unisamehe kabla ya safari. Usiharakishe. Wala sikutumi useme lolote kwake kwa niaba yangu. Ukifika msaidie kazi kama mtoto wa nyumbani, na siku akitaka kuzungumza habari zangu msikilize, na siku asipotaka usimchokoe. Ukiona huwezi kukaa kwake ukijua haya, mwambie mama leo leo, atakutafutia chumba karibu na chuo. Nafula amesema hilo pia litaeleweka. Na ukinikasirikia, kasirika tu. Naogopa sana hasira yako, nimeiogopa miaka tisa, lakini nimegundua naogopa zaidi kukuona ukinisifu mbele yake.

Mkirudi nitakupa karatasi hizi mkononi kabla ya chakula, kisha nitaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Ukitaka kuniuliza chochote nitakuwa pale. Ukipita bila kusema pia nitaelewa.

Kuna jambo moja limebaki na sitalificha. Nafula hakuniomba, lakini anastahili karatasi yenye jina langu, kwa mkurugenzi na kwa yule mteja, na nakala kwake, inayosema nani alijenga nini. Nimeiandika. Iko hapa mezani, chini ya bakuli la matunda, imetiwa sahihi. Imekuwa hapo tangu jana asubuhi. Leo nilikuwa na nafasi ya kuipeleka mjini, ningeweza hata kwenda nanyi, na nikasema nitaipeleka Jumatatu. Umeona ninavyosema. Kwa hiyo usiniulize mimi kama imefika. Mwulize Nafula.

Nasikia geti. Ni ninyi, mama yako anabishana na mtu kuhusu sanduku. Nafunga kwa mstari, kama alivyotufundisha.

Toleo la pili. La kwanza nimelichana, lilikuwa la kujitetea.
Jumamosi, saa kumi na moja na robo jioni.
Mezani kwetu, Mountain View.
Aliyeandika: Kamau, baba yako.
Chafu.